Kusafisha na Kutunza Kinu cha Maabara kwa Usalama: Mwongozo Kamili

Unga unaobaki ndani ya kinu haupotei. Unajificha nyuma ya chekeche, chini ya rota (sehemu inayozunguka na kusaga), kwenye mkunjo wa mpira wa mfuniko, halafu unatoka pamoja na sampuli inayofuata. Ukisaga udongo wa mgodini wenye madini mengi ya risasi na kufuatisha udongo wa bustani, mashine ya vipimo itasoma risasi ambayo bustani haina. Mashine hiyo haijakosea, imesoma ilichopewa. Kosa limeshafanyika kinuni na hakuna hesabu ya baadaye itakayolitoa. Kwa hiyo anayesafisha kinu anapima tayari, hata kama hajagusa kifaa cha vipimo.

Jambo la pili ni vidole. Kinu kinapofanya kazi kimefungwa: mfuniko uko juu, swichi ya usalama inalinda, mikono iko mbali. Wakati wa kusafisha mambo yanageuka. Mfuniko uko wazi, chekeche limetolewa, na mkono umeingia mahali pale pale penye visu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na umeme kabla ya brashi.

Haya yote hayachukui nafasi ya kitabu cha mtengenezaji. Kikisema tofauti na haya kuhusu kinu chako, fuata kitabu. Kama kimepotea, tafuta nakala kwa kutumia jina la modeli lililo kwenye kibati nyuma ya mashine kabla ya kufungua boliti yoyote.

Kinu chako ni cha aina gani?

Vinu vingi vya maabara vinaingia katika makundi machache. Kuna vya nyundo na vya rota, ambavyo hupigapiga sampuli hadi ipite kwenye matundu ya chekeche. Kuna vya visu, vinavyokata majani, nyasi, plastiki na vitu vyenye nyuzi. Kuna vya gololi, ambapo mitungi yenye gololi ndani yake huzungushwa au kutikiswa kwa nguvu. Vipo vya sahani mbili zinazosuguana, na vya pete, ambavyo mtungi wake wenye pete nzito hutikisika hadi mawe yawe unga laini.

Tofauti hizi ni muhimu kwa sababu hatari hazifanani. Kwenye kinu cha visu adui ni makali, hata umeme ukiwa umekatwa. Kwenye kinu cha gololi ni joto na mgandamizo ndani ya mtungi uliofungwa. Kinu cha pete kina vyuma vizito vinavyoweza kuponda kidole kati yake. Na vumbi lipo kwenye vyote.

Kata umeme, na uhakikishe umekatika

Kubonyeza kitufe cha kuzima hakutoshi. Kile kitufe chekundu cha dharura nacho hakitoshi: kinasimamisha mashine, lakini umeme unaendelea kufika ndani yake, na mtu mwingine anaweza kukiachia. Utaratibu ni huu:

1. Zima kinu, subiri rota isimame kabisa. Baadhi ya rota huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuzimwa. Usijaribu kuisimamisha kwa mkono, kijiti au kitambaa.

2. Chomoa plagi kwenye soketi. Ilaze mahali unapoiona, juu ya meza mbele yako, isibaki chini karibu na soketi ambako mpita njia anaweza kuichomeka kwa nia njema.

3. Kama kinu hakina plagi, yaani kimeungwa moja kwa moja ukutani, zima swichi kuu yake na uifunge kwa kufuli. Tundika kibao chenye jina lako na saa uliyoanza. Ufunguo ukae mfukoni mwako. Wakifanya kazi watu wawili, kila mmoja anaweka kufuli lake, na kila mmoja anaondoa la kwake tu.

4. Funga mfuniko, bonyeza kitufe cha kuwasha. Mashine isipoitika, ndipo uamini. Wengi hukiruka kipengele hiki, na ndicho kinachogundua kwamba umezima swichi ya mashine ya jirani. Kisha rudisha swichi ya kinu kwenye sifuri.

Vinu vinavyobadilishwa mwendo kwa kielektroniki vina vifaa vinavyohifadhi umeme kwa dakika kadhaa baada ya kuchomolewa. Havikuhusu wakati wa kusafisha, kwa sababu sanduku la umeme hulifungui. Hilo ni la fundi umeme.

Swichi ya usalama ya mfuniko inastahili maneno yake. Ipo maabara ambamo imebanwa kwa utepe wa gundi au sumaku ili kinu kiwake mfuniko ukiwa wazi, eti kazi iende haraka. Ukikuta hali hiyo, simamisha kinu na umwite msimamizi. Swichi hiyo ijaribiwe angalau mara moja kwa mwezi: kinu kikiwa kitupu na mikono mbali, acha mfuniko wazi kidogo, bonyeza kuwasha. Kikiwaka, kinu hakifai kutumika hadi kitengenezwe, hata kama sampuli zimerundikana.

Vumbi: pafu, macho na moto

Chembe zinazoumiza mapafu hazionekani kwa macho. Zile zilizo chini ya mikromita 10 hupita puani, na ndogo zaidi hufika ndani kabisa ya pafu na kubaki huko. Unapoona hewa ya chumba ni safi, huenda chembe hizo zinaelea bado. Ukisaga mawe, udongo, saruji au kauri, ndani ya vumbi kuna silika ya fuwele, ambayo husababisha ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi na ambayo wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, imeiweka tangu 1997 kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Silikosisi haina tiba ya kuiondoa.

Barakoa ya kitambaa au ya upasuaji haizuii vumbi hili. Vaa angalau barakoa ya kuchuja vumbi laini ya daraja la FFP2 au N95, na kwa silika, metali zenye sumu au nafaka zinazoshukiwa kuwa na sumukuvu, panda hadi daraja la juu zaidi, FFP3 au P100. Barakoa lazima ibane uso pande zote. Ndevu huiachia mwanya, kwa hiyo mwenye ndevu anahitaji kifaa cha kupumulia cha aina nyingine. Miwani iwe ile inayofunika pembeni. Koti lifungwe vifungo, mikono isilegee, nywele ndefu zifungwe, pete na mnyororo wa shingoni vivuliwe.

Kuhusu glavu watu hubishana, na jibu linategemea wakati. Kinu kikizunguka, usivae glavu karibu na sehemu inayozunguka, kwa sababu kinaikamata glavu na mkono unafuata. Kinu kikiwa kimekatwa umeme na unashika visu au rota yenye meno, vaa glavu zisizokatika kirahisi. Unaposhika dawa za kusafishia, vaa zile za nitraili juu yake au peke yake.

Sasa moto. Unga wa ngano, wanga, sukari, makaa ya mawe, vumbi la mbao, plastiki na metali kama aluminiamu na magnesi huwaka kwa kasi ukiwa umetawanyika hewani. Mwaka 1878 kinu cha unga cha Washburn mjini Minneapolis, Marekani, kililipuka kwa vumbi na kuua watu 18. Kinu cha maabara ni kidogo sana kwa kulinganisha, lakini kanuni ni ile ile: vumbi, hewa, cheche, na nafasi iliyofungwa. Kwa hiyo usiruhusu vumbi lijenge tabaka juu ya mota, juu ya rafu na nyuma ya mashine. Hakikisha waya wa ithi, ule unaopeleka umeme ardhini, uko mzima, kwa sababu unga unaopita kasi kwenye plastiki huzalisha umemetuli wa kutosha kutoa cheche.

Hapa ndipo penye tabia ninayoipinga kuliko zote: kupuliza kinu kwa hewa ya kompresa. Ni haraka, na kinu kinang'aa. Lakini unga haujaondoka. Umetoka kinuni, umeingia kwenye mapafu yako, kwenye beringi, kwenye mizani ya jirani na kwenye sampuli zilizo wazi mezani. Tumia brashi laini na kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Kifyonza vumbi cha nyumbani hakifai: chembe ndogo zinapita kwenye mfuko wake na kutokea nyuma, na mota yake inaweza kutoa cheche. Kwa vumbi linalowaka, tumia kile kilichotengenezwa kwa ajili hiyo na chenye ithi.

Kama kuna kona ambayo ni hewa tu inayoifikia, kazi hiyo ifanyike ndani ya kabati la kuvuta hewa linalofanya kazi, mgandamizo ukiwa umepunguzwa hadi baa 2 au chini yake, miwani na barakoa vikiwa usoni. Na bomba hilo lisielekezwe kamwe kwenye nguo au ngozi, yako au ya mwenzako.

Kusafisha kinu cha nyundo, rota au visu

Umeme umekatwa, umejaribu, umevaa. Andaa meza ya pembeni kwa kutandika karatasi safi, na upange vifaa kwa mfuatano utakaovitoa. Piga picha kwa simu kabla ya kuanza kama hujawahi kukifungua kinu hicho. Itakuokoa wakati wa kurudishia.

Anza na nje. Fyonza vumbi lililo juu ya mfuniko, kwenye mdomo wa kulishia na kuzunguka vitufe. Ukifungua kwanza, vumbi la nje litaanguka ndani. Kisha fungua mfuniko polepole na usubiri dakika moja unga uliokuwa hewani utue.

Toa chombo cha kupokelea unga, halafu chekeche, halafu rota au kishikio cha visu. Kwenye kinu cha visu usiisahau hatari hii: rota inazunguka kwa urahisi kwa mkono, na kisu kinachozunguka kinapita karibu sana na kisu kisichotembea. Ukisukuma upande mmoja huku kidole kikiwa upande wa pili, vinakata kama mkasi bila umeme wowote. Ibane rota kwa kipande cha mbao laini, au kwa kifaa cha kuizuia kilichokuja na mashine, kabla ya kulegeza boliti. Vuta spana kuelekea upande ambao mkono ukiteleza hautakutana na makali.

Sasa piga brashi. Kwanza brashi kavu na kifyonza vumbi pamoja, mdomo wa kifyonza ukiwa karibu kabisa na brashi ili unga uvutwe kabla haujaruka. Nenda kutoka juu kushuka chini. Washa tochi na uchungulie maeneo haya, kwa sababu ndimo unga hulala: mfereji ambamo chekeche linakaa, nyuma ya visu visivyotembea, kichwa cha boliti chenye tundu la pembe sita, chini ya rota pale mhimili unapotoka kwenye mota, na mkunjo wa mpira wa mfuniko. Mpira huo utoe kabisa kama unatoka. Mara nyingi utakuta chini yake mstari wa unga wa rangi tatu au nne, kila rangi ya sampuli yake.

Matundu ya chekeche usiyatoboe kwa sindano, waya wala ncha ya bisibisi. Tundu la milimita 0.5 likipanuliwa kidogo halirudi, na unga wako hautakuwa wa kipimo kile tena. Tumia brashi ya nailoni kutoka upande wa nje kuja ndani. Kama limeziba kweli, liloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, au liweke kwenye bafu la mawimbi ya sauti kwa dakika chache.

Vifaa vilivyotolewa vinaweza kuoshwa. Mwili wa kinu hauoshwi: usimwage maji wala kimiminika chochote ndani ya chumba cha kusagia, kwa sababu kitashuka kwenye mhimili hadi kwenye beringi na mota. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowanishwa kidogo. Sampuli zenye mafuta, kama karanga na ufuta, huacha utando ambao brashi haiutoi. Futa kwa maji yenye sabuni, kisha kwa maji matupu, kisha kwa ethanoli au isopropanoli.

Vimiminika hivi viwili hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye joto la kawaida la chumba. Lowanisha kitambaa, usinyunyize kinuni. Weka chupa mbali na mashine, fungua madirisha au tumia kabati la kuvuta hewa, na usiwashe kinu hadi harufu iishe na kila sehemu iwe kavu kabisa.

Kama sampuli zilikuwa za kibayolojia zinazoweza kuambukiza, mpango unabadilika: dawa kwanza, brashi baadaye. Lowanisha nyuso kwa dawa ya kuua vijidudu inayofaa, iache muda ulioandikwa kwenye chupa, ndipo uondoe uchafu ukiwa bado na unyevu. Ethanoli ya asilimia 70 huua vizuri kuliko ile ya asilimia 96, kwa sababu maji yaliyomo huisaidia kupenya na huchelewesha kukauka kwake. Haiui, hata hivyo, mbegu sugu za bakteria. Dawa ya klorini huzimudu zaidi, ila inakula hata chuma cha pua na kukiachia vishimo. Ikibidi kuitumia, suuza kwa maji mengi mara muda wake unapoisha. Usiichanganye na asidi wala amonia, maana gesi itakayotoka inaua.

Mwisho kausha kila kitu. Rudisha kwa mfuatano uliopinduliwa. Machekeche mengine ya duara yana upande na mwelekeo wake, yakiwekwa kinyume yanasaga vibaya na kupata joto, hivyo angalia alama ya mshale. Boliti zikazwe kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu, kwa spana yenye kipimo. Hesabu vifaa vyako vyote kabla ya kufunga mfuniko. Spana iliyosahaulika ndani ya kinu chenye rota ya kasi ni risasi ya bunduki.

Mitungi na gololi

Mtungi uliotoka kwenye kinu cha gololi usifunguliwe papo hapo. Umepata joto, na ndani yake kunaweza kuwa na mgandamizo wa mvuke au gesi. Usubiri upoe hadi joto la chumba, kisha ulegeze mfuniko kidogo kidogo ndani ya kabati la kuvuta hewa, uso ukiwa pembeni. Metali zilizosagwa laini sana, kwa mfano aluminiamu, magnesi au titani, zinaweza kushika moto zinapokutana na hewa ghafla. Hizo hufunguliwa kwenye kisanduku chenye agoni, gesi isiyounguza, kwa utaratibu maalumu, na mabaki yake hayaoshwi kwa maji ovyo, kwani aluminiamu na magnesi laini hutoa haidrojeni zikikutana nayo.

Kwa kazi ya kawaida, njia inayosafisha vizuri ni kusaga mchanga safi wa kwatsi (silika ya fuwele) pamoja na maji na tone la sabuni, gololi zikiwa ndani, kwa dakika mbili au tatu. Mchanga unasugua mahali ambapo brashi haifiki. Mwaga tope hilo kwenye chombo cha taka, usilitupe kwenye sinki litakaloziba. Suuza, rudia kama maji bado yana rangi, maliza kwa maji yaliyosafishwa. Ukitumia mchanga mkavu, kama inavyofanywa kwenye vinu vya pete, kumbuka umetengeneza vumbi la silika kwa makusudi, kwa hiyo barakoa isivuliwe.

Kila mata, yaani kitu ambacho mtungi au gololi imetengenezwa nacho, ina masharti yake. Chuma kigumu cha kawaida kinasaga vizuri na kinashika kutu upesi: kikishasuuzwa, kipitishe ethanoli na ukikaushe mara moja kwa hewa ya uvuguvugu. Tungsteni kabidi ni ngumu mno lakini ni kama haina uvumilivu ikianguka, na asidi hula kobalti inayoshikilia chembe zake. Usiisafishe kwa asidi hata kama doa limekuudhi. Akiki, jiwe gumu la silika, haitaki joto la ghafla: usiisuuze kwa maji ya moto ikitoka kwenye baridi, usiitupie ndani ya oveni, iache ikauke kwenye hewa. Asidi hidrofloriki huiyeyusha. Zirkonia, kauri ngumu ya zirkoni, huvumilia mengi, ila nayo hupasuka kwa mabadiliko makali ya joto. Mitungi ya plastiki laini hukwaruzika, na kila mkwaruzo ni mfuko wa mabaki. Ukiona imejaa mistari, ibadilishe.

Usichanganye mata. Gololi za tungsteni kabidi ndani ya mtungi wa akiki au wa chuma laini zitauharibu mtungi. Na usiwashe kinu cha gololi zikiwa peke yake bila sampuli au mchanga: hakuna kinachopunguza pigo, chuma kinapiga chuma.

Kuchakaa kwa gololi kunapimwa kwa mizani kuliko kwa macho. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 20 ina uzito wa karibu gramu 33. Ikichakaa hadi milimita 19, tofauti ambayo jicho halioni, inabaki na gramu 28 hivi. Gramu hizo tano zilizopotea zimekwenda wapi? Ziko kwenye unga wa sampuli zako: chuma, na kama ni chuma cha pua, kromi na nikeli pia. Zirkonia nayo huacha zirkoni, tungsteni kabidi huacha tungsteni na kobalti, akiki huacha silika. Kwa hiyo chagua mata kulingana na unachokitafuta. Anayetafuta kobalti kwenye udongo asisage kwa tungsteni kabidi, hata akisafisha kwa uangalifu wa namna gani.

Pima seti nzima ya gololi kila baada ya miezi kadhaa, andika uzito. Gololi iliyopasuka, iliyobonyea au iliyopata upande bapa itolewe siku hiyo hiyo.

Vinu vinavyopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye joto la nyuzi -196, vina mambo mawili ya ziada. Lita moja ya nitrojeni hiyo ikigeuka gesi inakuwa takriban lita 700, na inafukuza oksijeni chumbani bila harufu yoyote, kwa hiyo madirisha yawe wazi na kipimo cha oksijeni kiwepo. Pili, vifaa vilivyo baridi hukusanya unyevu wa hewa. Viache virudi joto la chumba na vikauke ndipo uvioshe na kuvifunga.

Utajuaje kuwa ni safi?

Kung'aa si ushahidi. Ushahidi ni sampuli tupu: saga kitu kisicho na unachokitafuta, mara nyingi mchanga safi wa kwatsi, kisha ukipime kama sampuli ya kweli. Matokeo yakiwa chini ya kiwango mlichojiwekea, usafi umetosha. Yakipanda, rudia kusafisha na utafute unga ulikojificha. Fanya hivyo kila mwanzo wa kundi la sampuli, na kila baada ya sampuli unayojua ni kali.

Mpangilio wa kazi nao unapunguza mzigo. Saga kwanza sampuli unazotarajia zina kiasi kidogo, maliza na zile kali. Na ikiwa sampuli ipo ya kutosha, saga kijiko kimoja chake, kitupe, ndipo usage kile utakachopima. Kijiko hicho cha kwanza kinabeba sehemu kubwa ya mabaki ya aliyetangulia.

Matunzo ya kila siku hadi ya mwaka

Chekeche ndilo huchakaa kimyakimya. Liinue mbele ya taa kila unapolitoa. Matundu yawe ya umbo moja na ukubwa mmoja. Tundu moja lililopasuka linapitisha chembe kubwa, na hapo asidi unayoyeyushia sampuli kabla ya kuipima haitafika ndani ya chembe zote kwa muda ule ule. Chekeche lililopasuka halichomelewi, linabadilishwa.

Njia nzuri ya kufuatilia hali ya kinu kizima ni kuwa na gunia au debe la kitu kimoja kilichochanganywa vizuri, mfano nafaka kavu. Kila mwezi saga kiasi kile kile kwa muda ule ule, upitishe kwenye chekeche la vipimo, upime kinachobaki juu. Namba hiyo ikianza kupanda mwezi hadi mwezi, visu vimekuwa butu, nyundo zimelika au nafasi kati ya visu imeongezeka. Utajua kabla sampuli za wateja hazijaharibika. Visu na nyundo zinazokabiliana zibadilishwe kwa pamoja, kwa sababu upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine rota hutetemeka na kuua beringi.

Beringi husema mapema. Sauti ya kukwaruza, mlio unaopanda, mtikisiko ambao haukuwapo, au joto lisilo la kawaida. Baada ya kuzima na kukata umeme, weka kiganja cha mkono karibu na nyumba ya beringi kwanza bila kugusa. Kama huwezi kukiweka hapo, ni moto kupita kiasi. Beringi zilizofungwa kabisa haziongezwi grisi. Zile zinazoongezwa, fuata kiasi na aina iliyoandikwa: grisi nyingi huongeza joto, na grisi za aina mbili zikichanganyika zinaweza kuharibiana. Ifute yote iliyotoka nje, isije ikaingia kwenye sampuli.

Mkanda uangaliwe nyufa, kung'aa kwa pembeni na unga mweusi unaokusanyika chini yake. Ikiwa miwili, badilisha yote miwili. Waya wa umeme upitiwe kwa macho kila wiki, hasa pale unapoingilia kwenye plagi, na fundi umeme apime ithi angalau mara moja kwa mwaka. Vichujio vya hewa ya kupozea mota vikiziba, mota huungua. Kuvisafisha ni kazi ya dakika tano.

Kelele isipuuzwe. Kinu kikifikisha desibeli 85 au zaidi karibu na anayekiendesha kwa saa nyingi, vaa kinga ya masikio. Na kama kelele imeongezeka kuliko zamani, kinga ya masikio isifiche tatizo la mashine.

Yote haya yaandikwe kwenye daftari la kinu, linalokaa kando yake: tarehe, aliyesafisha, sampuli iliyosagwa mwisho, njia iliyotumika, matokeo ya sampuli tupu, uzito wa gololi, kilichobadilishwa. Likiwekwa ofisini halitajazwa.

Kinu kitakachokaa muda mrefu bila kazi kisafishwe na kukaushwa zaidi ya kawaida. Acha mfuniko umelegea ili mpira usigandamane na unyevu usibaki ndani, paka visu na gololi za chuma kigumu tabaka jembamba la mafuta, na ukifunike kwa kitambaa badala ya plastiki iliyobana. Siku ya kukirudisha kazini, futa mafuta yote kwa ethanoli na usubiri yakauke, zungusha rota kwa kifaa, umeme ukiwa bado umekatwa, kuhakikisha haigusi popote, kisha kiwashe mfuniko ukiwa umefungwa na usikilize kwa dakika moja. Saga mchanga wa kutupa, halafu saga sampuli tupu na uipeleke kupimwa kabla ya kupokea kazi yoyote ya kweli.